Nilimdanganya Daktari Kuhusu Dirisha

Kamembe, tarehe 6 Oktoba 2002

Mpendwa Maman Mwavita,

Naomba msaada wako katika ukurasa wako wa gazeti, nami naomba kwa aibu, kwa sababu mimi ndiye niliyezoea kuombwa: nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mitano, Bukavu kwanza na kisha hapa Kamembe, na mtoto aliyesema uongo mbele yangu alisimama kando ya ubao mpaka kengele ilipolia, na sasa, katika umri wa miaka sitini na saba, nimesema uongo mmoja mfupi, wa neno moja tu, na neno hilo linamnyima mke wangu pumzi.

Mke wangu ni Mukamazimpaka, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, muuzaji wa sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, mwanamke ambaye sauti yake ilijulikana soko zima kabla ya kifua chake kumnyang'anya, tulikimbilia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, mwaka 1959 tukiwa vijana, tukaoana huko, tukamzaa Gasaro, binti yetu wa pekee, na mwishoni mwa mwaka 1994 tukarudi nchini na kupata nyumba kwenye mteremko unaotazama ziwa, lakini Gasaro alibaki ng'ambo kwa kuwa alikuwa ameolewa na Bahizire, kijana wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, na dirisha la chumba chetu cha kulala lilielekea huko huko, hata mke wangu akawa ananionyesha kwa kidole: "Unaona ile bati inang'aa? Ni pale kwa batoto."

Oktoba 1996, vita vilipoingia Bukavu na mizinga ikalia pande zote mbili za maji, kipande cha chuma kilitua juu ya jiko la jirani yetu, mzee Twahiru, na asubuhi yake nilichukua matofali arobaini na moja na mfuko wa saruji, nikaliziba dirisha lile kwa mikono yangu, na mke wangu aliposimama nyuma yangu akiuliza hewa itapita wapi, nilimjibu kwamba vita vikiisha nitalifungua. Tangu wiki ile hatujapata habari ya Gasaro wala ya mumewe. Tuliandika, tuliwauliza waliorudi kutoka msituni, hakuna aliyewaona.

Chumba kikabaki na mlango mmoja unaofunguka ukumbini, na humo ndimo tunamolala pamoja na magunia ya sambaza, kwa sababu sisi tuliokimbia mara nyingi hatuachi mali katika chumba cha mbele, na majira ya mvua, unyevu unapopanda ukutani, tunaingiza mbabula, lile jiko la makaa, mpaka kuta zikauke, nami niliona kwamba huo ndio uangalifu wa mwanamume kwa nyumba yake.

Miaka mitatu iliyopita mke wangu alipata mafua, mafua yakaisha, kikohozi kikabaki, na baada ya kikohozi ikaja filimbi ndani ya kifua, na baada ya filimbi ukaja mbano unaomwamsha kabla ya mapambazuko, akaketi ukingoni mwa kitanda mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka kana kwamba anabeba gunia lisiloonekana. Wanawake wa sokoni walisema ni kifua kikuu, wakamtengea kikombe chake. Makohozi yakapimwa mara tatu, hawakuona kitu. Muuguzi wa zahanati alisema ni uzee na moyo. Ndipo mzee Twahiru, mtu mwema kabisa, alipoleta vidonge vyake mwenyewe vya moyo, akasema, "Maman, hizi zilinisaidia mimi, moyo ikakuwa polepole, kunywa tu," na mimi, mwalimu, nikammiminia mke wangu maji ya kumezea, kila asubuhi, siku kumi na moja, na siku ya kumi na moja hakuweza kulitamka jina la binti yake mpaka mwisho. Alisema "Gasa", akakoma, midomo ikiwa na rangi ya majivu.

Hospitalini tulipokewa na daktari kijana, msichana anayeitwa Umuhire, mwenye umri wa wanafunzi wangu wa zamani, naye alimpa hewa na dawa, na alipoona vile vidonge katika pochi ya mke wangu aliviinua juu kama mtu aliyekamata nyoka kwa mkia. "Nani alikupatia hizi?" Nikasema ni jirani. "Mwambie jirani akunywe yake yeye mwenyewe." Siku ya pili alisikiliza kifua, akapiga picha, akapima moyo, kisha akasema, "Mzee, hii ni asima." Nikamweleza kwa upole kwamba pumu ni ugonjwa wa watoto. Akacheka. "Asima haiombake muntu kitambulisho, Mzee. Inakuja hata ku miaka sabini."

Maman Mwavita, nililoliona baada ya hapo sijui nilieleze vipi. Alileta bomba jeupe la plastiki lenye namba pembeni na mshale mdogo mwekundu, akamwambia mke wangu apulize kwa nguvu zake zote, na mshale ukaenda mpaka mia na ishirini, ukasimama; akarudia mara tatu, hapo hapo. Kisha akachukua chupa tupu ya maji iliyotobolewa kitakoni, akachomeka humo pampu ndogo ya buluu, mke wangu akavuta kupitia mdomo wa chupa, pumzi moja baada ya nyingine, mara nne, tukangoja kama dakika ishirini, akapuliza tena, na mshale ukapita mia na hamsini, ukapita mia na themanini, ukasimama penye mia mbili na kumi. Nilidhani mashine imeharibika. Nikamtazama mke wangu. Mabega yake yalikuwa yametulia. Nimeishi naye miaka arobaini, na nilikuwa nimesahau kwamba ana shingo ndefu. Alivuta hewa, akaitoa, akavuta nyingine, kama mtu anayeonja, akaniambia, "Papa Gasaro, kumbe hewa iko na utamu." Mimi niliyechora mapafu ubaoni kwa chaki miaka yote ile, mshale huu na mishale ile, hewa inaingia, hewa inatoka, na watoto wakinakili, sikuwahi kujua nilichokuwa nachora. Nilivua kofia yangu mle chumbani na sikujua naivua kwa ajili ya nani.

Na dakika ile ile, mbele ya ajabu ile, daktari aliuliza, "Mu chumba munalala kuko madirisha ngapi?" na mimi nikajibu, "Mawili." Mke wangu alinitazama.

Sasa pampu ya buluu haifiki mwezi, inakwisha, ile ya kahawia, aliyopewa na daktari avute asubuhi na jioni, ameiacha, asema, "Ninaivuta na sisikii kitu." Mwezi wa nane alikwenda Gashonga kwa mdogo wake, Mukankusi, akakaa wiki mbili katikati ya migomba, na filimbi haikulia hata mara moja, akarudi, akalala siku mbili chumbani mwetu, ikalia. Nyumbani, kila jioni, alikuwa akichukua kigoda chake akaketi nyuma ya nyumba, upande wa ziwa, mgongo ukutani, akitafuta hewa, mpaka giza liingie. Wiki iliyopita alifunga kitenge chake akaniambia, "Ulisemaka vita ikiisha utafungula. Malori ya basoda inarudi kutoka ku vita kila siku, yote tunaiona. Sasa unangojea vita gani?" Akapanda pikipiki akaenda Gashonga, na mwenye pikipiki aliniletea ujumbe: "Maman anasema iko na pumzi kule. Anasema harudi mu kaburi."

Kila siku nachukua nyundo, nahesabu matofali, arobaini na moja, mkono unakuwa baridi, nairudisha nyundo mahali pake. Nisaidie. Je, nimwache Gashonga nimtembelee Jumapili? Au je, hakuna dawa nyingine, yenye nguvu zaidi, itakayomwezesha mtu kuishi katika chumba kilichofungwa?

Ni mimi,
Kayitare, mwalimu mstaafu

*

Mzee Kayitare,

Dawa unayoiulizia haipo. Hakuna kidonge, sindano wala pampu iliyotengenezwa kwa ajili ya ukuta. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira na mara ya pili nikivua miwani kufuta macho, na nitakujibu kwa vyote viwili.

Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na minane. Nimewapokea watoto wengi wakivuta pumzi yao ya kwanza, na kila mara nilistaajabu. Lakini mtoto haambii mtu hewa ina ladha gani. Mkeo amekuambia. Ulipata kuyasikia maneno ambayo sisi tunaokesha wodini hatuyasikii, na kabla hayajapoa masikioni mwako, ukatamka uongo. Ungekuwa mwanafunzi wako, ungejisimamisha kando ya ubao.

Sasa elewa uongo wako umefanya nini. Pumu ya mtu mzima haionekani kwa macho. Daktari huitafuta kama anayetafuta mtu katika nyumba yenye watu wengi, maana katika kifua cha mzee moyo uliochoka hutoa kikohozi, kifua kikuu hutoa kikohozi, moshi wa miaka mingi hutoa kikohozi, na pengine wawili kati yao wanaishi pamoja na pumu. Ndiyo sababu alipima moyo, akapiga picha, akampulizisha kabla ya dawa na baada ya dawa. Mshale kutoka mia na ishirini hadi mia mbili na kumi ulimwambia kwamba njia za hewa zilikuwa zimebana na zinaweza kufunguka. Hilo ndilo jambo la kustaajabisha ulilolishuhudia. Lakini daktari anayeamini kwamba mgonjwa wake analala penye madirisha mawili, akiona pampu inakwisha kabla ya mwezi, atadhani dawa ni ndogo, ataongeza. Au atadhani amekosea ugonjwa, ataanza upya. Umemtuma binti yule kuwinda mahali pasipo mnyama. Utakwenda kwake wiki hii, utavua kofia tena, na utamwambia: chumba hakina dirisha, kina magunia ya samaki, na majira ya mvua kina mbabula. Hatakula nyama yako. Atashukuru.

Kuhusu ile pampu ya kahawia, mpigie mkeo kelele kwa niaba yangu. Ndani ya pumu kuna mambo mawili: njia ya hewa inabana, na njia hiyo hiyo imevimba. Ya buluu huachilia mbano mara moja, ndiyo maana anaipenda. Ya kahawia hutuliza uvimbe, polepole, kwa majuma, bila kusema kitu. Anayeiacha kwa sababu hasikii kitu anafanana na mtu anayeng'oa maharage siku ya tatu kwa sababu hajaona maua. Aivute asubuhi na jioni, hata siku anayojisikia msichana, na kila mara asukutue kinywa kwa maji na kuyatema, asije akaota utando mweupe ulimini. Na aitumie ile chupa. Mikono ya umri wetu haina haraka ya kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, na dawa nyingi huishia kwenye ulimi. Aitikise pampu, atoe pumzi yote, abonyeze mara moja ndani ya chupa, avute taratibu, abane pumzi mpaka uhesabu kumi. Wewe hesabu. Unajua kuhesabu; umehesabu matofali kila siku.

Vidonge vya mzee Twahiru: nakusamehe kwa sababu hukujua, na naandika hapa ili wasomaji wengine wajue. Viko vidonge vya kupunguza mbio za moyo ambavyo humsaidia mtu mmoja na kumbana mwingine mwenye pumu mpaka asiweze kutaja jina la mtoto wake. Sisi wazee tuna tabia ya kugawana dawa baada ya ibada kama tunavyogawana ugoro. Tuache. Hata dawa ya maumivu ya viungo inaweza kuiamsha pumu iliyolala. Utakapokwenda kwa daktari, tia dawa zote za nyumbani katika mfuko mmoja, zako na zake, ummwagie mezani.

Na siku mkeo akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikageuka rangi, au pampu ya buluu isipomsaidia, usingoje kuona kama itapita. Hospitali, dakika ile ile, huku akiendelea kuvuta pampu njiani. Watu wa umri wake huzoea kubanwa hata hawalalamiki, na hapo ndipo wanapotuponyoka.

Unaniuliza umwache Gashonga. Gashonga imekwisha kukujibu: wiki mbili bila filimbi, siku mbili nyumbani, filimbi. Hakuna daktari ambaye angeweza kuandika uthibitisho bora zaidi. Mgonjwa ni nyumba. Kwa hiyo mwache huko siku tano tu, na sababu yake ni kwamba vumbi la matofali na saruji litamwangusha akiwa karibu. Siku ya kwanza toa magunia yote, uyapeleke banda la nje, lenye kufuli ikiwa unaogopa wezi. Sambaza hawarudi tena katika chumba cha kulala, wala mbabula. Siku ya pili, asubuhi, mwite mzee Twahiru aje akusaidie, maana anakudai nafasi ya kutubu, naye mkono wake hautakuwa baridi. Bomoeni. Siku ya tatu na ya nne pangusa kuta na sakafu kwa kitambaa chenye maji, usifagie kwa ufagio mkavu. Anika godoro juani. Siku ya tano weka wavu wa mbu dirishani, panda pikipiki, nenda Gashonga, ukamwambie kwa mdomo wako mwenyewe. Usimtume mwenye pikipiki.

Limebaki jambo moja, nami nitalisema bila kuzunguka kwa kuwa hatufahamiani uso kwa uso. Umeandika kwamba uliliziba dirisha kwa sababu ya mabomu. Wewe ni mwalimu. Nyumba yako imeezekwa kwa bati, na chuma kinachoanguka kutoka juu hakiombi kupita dirishani; jiko la jirani yako lilikufundisha hilo siku ile ile. Matofali yako hayakuzuia bomu hata moja. Yalizuia macho yako yasiione Kadutu. Sikulaumu. Ningekuwa na binti ng'ambo ile, na kila nikiamka naona bati lake na moshi, pengine nami ningetafuta saruji. Wala sikuahidi kwamba ukifungua utapata habari zake. Ukifungua utaona mji, basi.

Lakini umeandika pia, bila kulitilia maanani, kwamba kila jioni mkeo alichukua kigoda chake akaketi nyuma ya nyumba, upande wa ziwa, akitafuta hewa. Mzee Kayitare, hewa ilikuwapo hata mbele ya nyumba. Miaka sita mama huyo amelitazama bati la mtoto wake peke yake, mgongo wake umeegemea ukuta wako, nawe uko upande wa pili umeshika nyundo.

Mfungulie.

Mwavita